Majenerali Wanane wa Zizi la Elmenteita

Wiki jana tulikatwa pale daftari lilipofunguliwa mezani. Bado liko wazi, na kidole cha Bwana Karoti bado kiko juu ya mstari wa tatu.

"Wewe Kang'ethe. Mbavu-Chuma iko wapi?"

Kang'ethe alikuwa amechuchumaa kwenye saruji ya banda la kukaushia pareto, mikono kichwani, tangu jua lichomoze upande wa Kariandusi. Miguu ilishakufa ganzi zamani. Kilichokuwa hai ni moyo tu, na huo ulikuwa unapiga mbio kama wa sungura.

Wewe uliyekosa gazeti, shika haya machache twende. Mwaka ni wa hamsini na nne, Hali ya Hatari imekaza, na serikali ya wazungu inawawinda wapiganaji wa msituni na majenerali wao. Kang'ethe ni mkamuaji wa ng'ombe kwa miaka kumi na tisa katika shamba hili. Ni mgane. Mkewe Wamaitha alikufa akijifungua, kwa kuwa lori la shamba lilikuwa la kubeba mikebe ya maziwa, si la kubeba watu. Ndivyo walivyosema wakubwa, na waliosema hawakufa. Amebaki na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na tano, Wariara.

Jana homgadi, wale askari wenyeji wa serikali, walipekua laini yote ya nyumba za wafanyakazi. Ndani ya nyasi za paa la Kang'ethe wakatoa daftari lenye majina manane. Majina ya msituni hasa! Asiye-Shauri. Mbavu-Chuma. Nyayo-za-Sungura. Na mbele ya kila jina, alishika muda gani, alikufaje, na nani alichukua nafasi yake.

Mwandiko ni wa Wariara. Kang'ethe analijua hilo. Bwana Karoti bado.

"Nauliza mara ya pili," alisema Bwana Karoti. Alikuwa ofisa wa Kizungu, kijana wa miaka ishirini na tatu, nywele nyekundu na uso mwekundu, ndiyo maana watu wa laini wakampa jina hilo. Bastola kiunoni, kofia ya pembeni. "Kitabu ilikuwa ndani ya nyumba yako. Nani aliandika?"

"Mimi, bwana."

Lilimtoka haraka hata mwenyewe akashangaa.

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi sema, Mbavu-Chuma ni nani?"

"Ni... ni jina tu, bwana."

Askari Kipketer, mwanamume mrefu aliyesimama mlangoni, alisogea bila kuambiwa. Akamchoma Kang'ethe rungu la ubavuni, mara moja, kama mtu anayejaribu gunia la mahindi kama limejaa.

"Hizi zake si za chuma, afande," alisema. "Zimelia."

Bwana Karoti hakucheka. Aligeukia meza, alipokaa karani wake, Wamalwa, mtu wa Kitosh, kule magharibi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Soma tena."

Wamalwa akasafisha koo. "Wa kwanza, Edwadi. Aliuawa getini akiwa juu ya farasi, akipewa kinywaji. Wa pili, Asiye-Shauri. Alishika miaka mingi, akawalipa maadui waende, wakaenda, wakarudi. Wa tatu, Mbavu-Chuma. Alishika miezi saba. Alipigana sana. Akafa. Nafasi ikachukuliwa na Knuti kutoka ng'ambo..."

"Kutoka ng'ambo! Umesikia? Silaha inatoka ng'ambo!" Bwana Karoti alipiga meza. "Saa moja asubuhi nimeambia Nakuru: nimeshika orodha ya majenerali nane. Mkubwa anakuja leo, saa nane mchana. Na mtu wa picha ya gazeti. Mimi nataka hawa watu kabla ya saa nane."

Akalichukua daftari, akaliinua kwenye mwanga. Akazitazama zile herufi, moja moja, na Kang'ethe akaona kitu kikimwingia kichwani polepole.

"Hii mwandiko ni safi. Mwandiko ya shule." Akamtazama Kang'ethe mikono yake, mipana, yenye mipasuko ya maji ya chumvi wanayooshea viwele vya ng'ombe. "Wewe iko na mtoto msichana. Alisoma ile shule ya shamba kabla tufunge. Kipketer!"

"Afande!"

"Chukua landirova. Lete huyo msichana."

Msomaji wangu, kuna mambo mawili ambayo mtu wa laini aliyajua bila kufundishwa. La kwanza, landirova likienda kuchukua msichana, msichana harudi kama alivyoondoka. La pili, ukweli wa mtu mdogo hautoki nje mpaka mkubwa aufungulie mlango. Kang'ethe alilijua la kwanza. La pili alilisahau, na hapo ndipo alipokosea.

"Ngoja, bwana! Ngoja! Hao si watu wa msituni. Hao ni wafalme wenu!"

Kipketer, mkono mlangoni, akageuka.

"Unasema nini, mzee?" Wamalwa aliuliza, kalamu hewani.

"Wafalme. Wa Uingereza. Wa zamani sana, kabla ya bunduki. Wametoka kwenye kitabu cha historia cha mwalimu wa misheni, kile kisichokuwa na jalada. Ni cha mtihani, bwana. Wa Jumatatu, Nakuru." Alikuwa anaongea kwa kasi, mate yanaruka. "Hayaingii kichwani yale, ni majina magumu, kila mtu anaitwa Edi-nini-nini. Ndiyo nikasema tuyapange kama ng'ombe."

"Tuyapange? Wewe na nani?"

"Mimi! Nilijiambia mimi, bwana."

Hapa lazima nikueleze jambo la zizi, la sivyo hutaelewa mzee huyu alifanya nini. Ng'ombe wa maziwa haongozwi. Saa ya kukamuliwa ikifika, kila mmoja huingia mwenyewe na kwenda kwenye kizimba chake, kilekile, siku zote. Akifa au akiuzwa, mwingine huwekwa pale, na mkamuaji mzuri anajua kizimba cha nne alianza nani, akafuata nani, nani alikuwa mtoto wa nani. Haandiki popote. Anampa kila mmoja jina la utani kwa tabia yake, na hilo halitoki kichwani hata akilewa.

Basi Wariara alipokuwa akija zizini alasiri na daftari lake, analia kwamba wafalme wamemshinda, Kang'ethe alimwambia hivi: "Mama," ndivyo alivyomwita, kwa kuwa alipewa jina la nyanya yake mzaa baba, "Mama, waingize vizimbani. Wape majina ya utani. Na uandike hivyo hivyo, kwa Kiswahili chetu, ndio usisahau."

Yeye. Yeye ndiye aliyesema uandike hivyo hivyo.

"Sema," Bwana Karoti aliamuru. "Kama ni wafalme, sema wote."

"Bwana, naomba nishushe mikono."

"Kwa nini?"

"Bila mikono siwezi kukumbuka."

Bwana Karoti akatikisa kichwa kuruhusu. Kang'ethe akaketi chini, akapanua magoti, akaweka ngumi mbili mbele yake, na akaanza kukamua hewa. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Kipketer akatoa kicheko cha puani, lakini hakuna aliyemfuata.

"Kizimba cha kwanza, Edwadi. Kijana tu. Mama wa kambo alitaka mtoto wake yeye ashike. Edwadi akaja kuwasalimia, yuko juu ya farasi, wakamtolea kikombe. Anakunywa, wakamchoma kisu. Hapo hapo getini. Kizimba hicho ni cha ng'ombe wangu Desi, maana Desi ukimpa maji lazima umwangalie miguu.

"Cha pili, Etheldredi. Huyo mtoto wa yule mama. Anaitwa Asiye-Shauri kwa kuwa kila aliyemshauri alimpoteza. Wageni wakaja na mashua, akawapa mali waondoke. Si wakarudi! Ukimlisha mwizi ugali, bwana, atarudi na sahani.

"Cha tatu, Edmondi, mtoto wake. Mbavu-Chuma. Huyo alikuwa mwanaume. Alipigana mara tano kwa mwaka mmoja. Alishika miezi saba, akafa, na nchi ikaenda yote kwa mgeni.

"Cha nne, huyo mgeni, Knuti. Akamchukua mjane wa Etheldredi, Emma, akamwoa."

Wamalwa alijisahau. "Mjane? Wa aliyekuwa mfalme?"

"Ndiyo, karani."

"Sasa hapo ajabu iko wapi? Kwetu mke wa marehemu anarithiwa na ndugu wa nyumba hiyo hiyo. Kumbe hata hawa..."

"Wamalwa!" Bwana Karoti alifoka.

"Samahani, bwana."

Lakini sauti ya Bwana Karoti ilikuwa imebadilika. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza. Midomo yake ilikuwa inasogea kidogo, bila sauti, nyuma tu ya ile ya Kang'ethe.

"Cha tano, Haroldi. Nyayo-za-Sungura, mbio sana. Na ng'ombe wangu wa tano anainua miguu hivyo hivyo. Cha sita, Hardiknuti, ndugu yake kwa baba. Huyo roho mbaya. Aliposhika, akaamuru aliyemtangulia afukuliwe kaburini akatupwe kwenye matope. Miaka miwili tu, akafa harusini, kikombe mkononi.

"Cha saba, Edwadi tena. Majina kwao yanarudi, bwana, kama kwetu mtoto anavyochukua jina la babu yake. Huyu mtoto wa yule Emma. Mcha-Mungu. Alijenga kanisa kubwa, hakuzaa. Ndipo shida ilipoanzia, kila mtu akasema, mimi niliahidiwa.

"Cha nane..."

Mikono ikasimama hewani.

"Cha nane nini?" Bwana Karoti aliuliza.

"Haroldi. Si wa mbio, mwingine. Alishika miezi tisa. Akapigwa mshale wa jicho."

"Umeacha kitu."

"Hapana, bwana."

"Umeacha kitu, mzee. Kabla ya mshale. Haroldi alifanya nini?"

Jasho lilimtiririka Kang'ethe mpaka ndani ya masikio. Aliujua mwaka waliomo na alilijua neno, kwa kuwa watu wa msituni nao hula kiapo. Watu walikuwa wakining'inizwa kwa neno hilo. Akatazama rungu la Kipketer, akatazama sakafu.

"Alikuwa amekula kiapo," alinong'ona.

Kipketer akainua rungu. Wamalwa akafumba macho.

Na Bwana Karoti akacheka.

Alicheka kwanza kidogo, kisha sana, kisha akashika meza ili asianguke. "Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu! Nyayo-za-Sungura! Ni kweli! Kipketer, weka hiyo chini. Ni kweli, ni wafalme!" Akafuta macho. "Mimi nilichapwa viboko sita, shuleni, kwa sababu ya hawa watu. Sita! Nilisahau Hardiknuti."

"Wengi wanamsahau, bwana," Kang'ethe alisema kwa woga.

"Mama yake ni nani?"

"Emma. Yule yule mjane."

"Ndiyo! Na kwa nini Mbavu-Chuma alikufa?"

"Kitabu hakisemi vizuri, bwana. Mimi naona aliuawa."

"Mimi pia! Mwalimu wangu alikataa." Akatoa sigara, akampa Kang'ethe moja, akamwashia kwa mkono wake mwenyewe. "Simama, mzee. Simama. Kaa kwenye sanduku."

Kang'ethe alikaa kwenye sanduku. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri pumzi ilimshuka mpaka chini ya mbavu, na ubavu ule uliochomwa ukamuuma, akafurahi kwamba unauma. Jumatatu Wariara atafanya mtihani. Ataandika wafalme wote bila kukosea hata mmoja. Alikumbuka alichowahi kumuuliza siku ile zizini: Na hawa wafalme, mama, wakamuaji wao walikuwa akina nani? Naye akajibu: Kitabu hakisemi, baba.

Hapo ndipo redio ya kuongelea ilipolia.

Ilikuwa pembeni, juu ya debe, na sauti iliyotoka ndani yake ilikuwa ya Kizungu, nzito, yenye furaha. Kang'ethe hakuelewa neno. Wamalwa alielewa yote, na Kang'ethe akasoma usoni mwa Wamalwa. Kwanza miwani ilishuka puani. Kisha mdomo ukafunguka. Kisha Wamalwa akatazama chini kama mtu aliyeona uchi wa mkubwa wake.

Sauti ilisema hivi, na baadaye Wamalwa mwenyewe aliwasimulia watu. Hongera kijana. Saa saba tunatoka Nakuru. Tuko na bwana wa gazeti kutoka Nairobi. Nimewaambia mpaka kwa Gavana kwamba umevunja kichwa cha nyoka. Majenerali wanane kwa asubuhi moja! Utapandishwa cheo.

Redio ikanyamaza.

Kicheko kilikuwa bado usoni mwa Bwana Karoti, lakini mwenyewe alishatoka ndani yake. Alilitazama daftari. Aliitazama redio. Kisha akamgeukia karani.

"Wewe ulisema ni majina ya msituni."

"Nilisoma ilivyoandikwa, bwana. Bwana mwenyewe ndiye..."

"Ndiye nini?"

Wamalwa akaichovya kalamu kwenye wino.

Neno lile halikuhitaji kumalizwa. Wote wanne mle ndani waliliona. Bwana Karoti alikuwa amewaambia wakubwa wake wote kwamba wafalme wa Uingereza, waliokufa miaka mia tisa iliyopita, ni majenerali wa msituni. Kila klabu ya wazungu kuanzia Naivasha mpaka Subukia ingemcheka mpaka azeeke. Wangemwita Mbavu-Chuma. Watoto wao wangemwita Mbavu-Chuma.

Na ndivyo walivyo hawa waliowekwa juu yetu. Mkubwa akianguka hataki kuinuka peke yake. Lazima amkanyage aliye karibu ili apate pa kuweka mguu.

Bwana Karoti alilifunga daftari.

"Hii si wafalme," alisema.

Kang'ethe alidhani ni mzaha. Akatabasamu. "Bwana, si umesema mwenyewe sasa hivi..."

"Mimi sijasema kitu. Wamalwa, mimi nimesema kitu?"

Karani aligeuza uso pembeni. Ana wake wawili na watoto saba kule kwao. "Hapana, bwana."

"Kipketer?"

"Sikusikia kitu, afande."

"Umesikia, mzee? Toa hiyo sigara."

Kipketer aliitoa mwenyewe mdomoni mwa Kang'ethe, akaizima chini ya buti. Bwana Karoti akachukua penseli na karatasi, akaviweka juu ya sanduku.

"Umesema wewe uliandika kitabu. Andika hapa. Edmondi."

Kang'ethe alishika penseli. Aliishika kama mtu anavyoshika chuchu ya ng'ombe mgonjwa, kwa vidole viwili, polepole. Katika maisha yake alijifunza kuandika neno moja, kwa ajili ya kipande, kile kitambulisho cha kazi, na mkono ukaliandika hilo hilo kabla hajauzuia. KANGETHE. Herufi zimelala hivi na hivi, moja imepinduka.

Bwana Karoti aliitazama ile karatasi kwa muda.

"Basi," alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko rungu. "Aliyeandika orodha ya majenerali ni mtu mwingine. Kipketer, msichana."

"Sasa hivi, afande."

Kipketer alitoka. Mlango wa landirova ukafungwa kwa kishindo. Injini ikakohoa mara moja, mara mbili, ikawaka.

Kutoka pale bandani mpaka nyumbani kwa Kang'ethe ni dakika nne kwa gari. Wariara saa hiyo angekuwa nje, anapepeta mahindi, kichwa kimefungwa kitambaa cha marehemu mama yake, na midomo inasogea. Etheldredi, Edmondi, Knuti. Angesikia gari. Hangekimbia, maana hajui kama amekosa.

"Bwana, msimamishe."

"Kwa nini?"

"Msimamishe kwanza."

"Sema kwanza."

Gari lilianza kurudi nyuma, linageuka. Vumbi jeupe likaingia kupitia nyufa za mbao.

"Mbavu-Chuma ni mimi," alisema Kang'ethe.

Bwana Karoti akaenda dirishani, akainua mkono. Gari likasimama. Injini haikuzimwa.

"Rudia."

"Ni mimi. Mimi ndiye jenerali. Kitabu niliandikiwa na mtu wa msituni, sijui jina lake, amekufa. Msichana hajui kitu. Hajawahi kukiona."

"Mzee!" Wamalwa aliinama juu ya meza, akanong'ona haraka haraka, Kiswahili cha chini kisichoweza kushikwa na sikio la mzungu. "Mzee wangu, unajua unasema nini? Hiyo si kifungo. Hiyo ni kamba. Gereza halina kazi na jenerali, wanampeleka moja kwa moja. Kanusha! Sema ulichanganyikiwa kwa kipigo."

"Andika, karani."

"Kang'ethe!"

"Wewe una watoto saba. Mimi ninaye mmoja. Andika."

Bwana Karoti alikuwa anawatazama wote wawili. Wacha nimpe haki yake, maana haki ni kitu chepesi kumpa mtu asiyeihitaji: alisita. Wekundu ulimtoka usoni, na kwa dakika nzima alionekana kama yule kijana aliyechapwa viboko sita kwa ajili ya Hardiknuti. Alijua. Hakuna mtu katika bonde lote la Ufa aliyejua vizuri zaidi kwamba Mbavu-Chuma alizikwa Uingereza, na kwamba huyu aliyeketi kwenye sanduku hajawahi kuua kitu zaidi ya kupe.

Kisha akatazama saa yake ya mkono.

"Andika, Wamalwa," alisema.

Wamalwa akaandika. Kalamu ilikwaruza. Mimi, Kang'ethe, nakiri kwa hiari yangu bila kupigwa. Bwana Karoti akasema, weka pia kwamba alipewa sigara. Wamalwa akaliweka na hilo.

Wakamsogezea karatasi. Kang'ethe aliandika lile neno lake moja, na safari hii lilikaa vizuri, limenyooka, kama la mtu aliyesoma. Akaliangalia. Akawaza: basi, imekwisha. Mtihani ni Jumatatu. Mtu wa misheni atamchukua, atalala bwenini, hatarudi tena kwenye laini. Haya mengine ni yangu.

"Naomba gari lizimwe sasa, bwana."

Bwana Karoti alikausha wino kwa kupuliza. Hakuonekana kusikia.

"Vizuri. Jenerali mmoja," alisema. "Mimi nimeambia Nakuru nane."

Kang'ethe alimtazama bila kuelewa.

"Wewe ulisema wote, na mpangilio wake. Vizuri sana ulisema. Baada ya Mbavu-Chuma anafuata nani?"

"Knuti."

"Knuti. Na Knuti ni nani?"

"Bwana, Knuti ni..."

"Hapana kutoka ng'ambo. Kutoka hapa." Bwana Karoti alimshika begani, kwa adabu kabisa, akamsogeza mpaka dirishani.

Nje, uani, wafanyakazi arobaini wa shamba walikuwa wamechuchumaa kwa mistari minne, mikono vichwani, jua la saa tano likiwachoma. Wakamuaji wenzake. Mtu wa trekta. Mzee Waithaka, aliyechonga jeneza la Wamaitha kwa mbao za mlango wake mwenyewe. Karanja, aliyemwazima blanketi msimu wa baridi. Watu aliowajua kama anavyojua vizimba, nani ana watoto wangapi, nani mama yake mgonjwa. Hakuna aliyejua kinachosemwa ndani. Mmoja alikuwa anapiga miayo.

Na kando yao, landirova. Kipketer kiwiko nje ya dirisha, anasubiri. Injini inanguruma, inatetemesha vumbi.

"Wewe ni jenerali," alisema Bwana Karoti. "Jenerali anajua watu wake. Saba tu. Ukinipa, gari inazimwa. Ukikataa, Kipketer anakwenda kumwuliza yule aliyeandika kitabu, yeye atajua. Nani anashika baada yako?"

"Bwana, kwa jina la Mungu."

"Nahesabu mpaka tano."

Wamalwa alikuwa ameweka miwani mezani. Bila miwani uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa. Kalamu ilikuwa tayari, nukta ya wino imeshaanguka kwenye karatasi mahali jina linapokaa.

"Moja."

Kang'ethe alitafuta katika mistari ile minne mtu asiye na mtoto. Hakuwepo.

"Mbili."

Akatafuta mtu mbaya. Mtu aliyewahi kumkosea, hata kwa neno, hata kwa maji ya kisima. Alimpata mmoja, kisha akakumbuka walishapatana.

"Tatu."

Gari likaingizwa gia. Aliisikia.

"Nne."

Mdomo wa Kang'ethe ukafunguka wenyewe, kama wa mtu anayezama, na jina likatoka kabla yeye mwenyewe hajalichagua.

Wamalwa akaandika.

Bwana Karoti akatoa kichwa dirishani, akaliita jina hilo kwa sauti, mara moja. Na kule uani, kati ya watu arobaini walioinamisha vichwa, mtu mmoja akashusha mikono, akajipangusa vumbi la suruali, akainuka haraka akitabasamu, kwa kuwa alidhani ameitwa kuachiliwa.